Wale wa Kijivu Walibaki

Tup.

Halafu kimya. Halafu tena: tup, kama mtu anayedondosha punje ya hindi ndani ya kikombe cha maji.

Nilikuwa nimelala chini, juu ya kitenge, kwa sababu godoro walikuwa wamelibeba. Kuran, umeme wetu, ilikatika tangu jioni na alfajiri ilikuwa haijafika. Chumba kilikuwa na mwangwi nisioufahamu. Nyumba isiyo na kabati wala kiti huongea kwa sauti nyingine. Nilinyoosha mkono upande wa ukuta, mahali anapolala binti yangu Mianda. Nikagusa sementi.

Tup.

Ndipo nikajua. Sauti ilitoka kwenye zile bido mbili za njano, madumu ya kuchotea maji, nilizozikata ubavu, zilizoachwa konani kwa kuwa zilipasuka midomo na hakuna aliyezitaka. Ndani yake mlikuwa na samaki wadogo wa kijivu, ambao nao hakuna aliyewataka. Mmoja wao alikuwa anazaa, na wenzake walikuwa wanawarukia watoto wake wawale. Nilipiga magoti, nikapapasa gizani nikapata mfuko wa unga niliokuwa nimeufumua nyuzi, nikautia majini ili watoto wapate pa kujificha. Si kwamba nilikuwa nalia. Nilikuwa nacheka bila sauti, na tangu tumzike mume wangu hicho kilikuwa kicheko changu cha kwanza.

Mume wangu, Kabeya, ndiye aliyeleta samaki hao nyumbani. Alikuwa anafanya kazi kwa Tata Omer, mwenye mgahawa wenye akwariamu ndefu kama kitanda cha watu wawili. Humo mnakaa samaki watano wakubwa, weusi, wenye madoa ya rangi ya moto, na mkubwa wao wateja humwita Jenerali. Hawali kitu kilichokufa. Wanataka kinachokimbia. Watu huacha bukari, ugali wetu, ipoe kwenye sahani ili wamtazame Jenerali akifungua kinywa. Basi Kabeya akaja jioni moja na gupi sita, samaki wadogo, ndani ya chupa, tuwazalishe na kumwuzia Tata Omer wawe chakula cha Jenerali, na baada ya mwaka tulikuwa na beseni tatu zimejaa. Samaki wasiozidi urefu wa ukucha wa kidole gumba ndio waliomweka Mianda shuleni.

Kabeya alipenda madume, wale wenye mikia ya rangi. Mimi niliwapenda majike. Ni wa kijivu, wanene, hawana cha kuonyesha. Siku hizo nilikuwa nasoma masomo ya jioni parokiani, na mazoea ya kuandika kila kitu yalikuwa yamenishika. Nikamweka jike mmoja peke yake ndani ya chupa ya mayonezi, nikaandika tarehe. Akazaa. Mwezi uliofuata akazaa tena, bila kuona dume. Mwezi wa tatu, tena. Kabeya akaanza kumwita Maria, nikamkataza, nikamwambia atatuletea dhambi nyumbani.

Mianda alikuwa na miaka mitano. Alilala kifudifudi mbele ya chupa, kidevu juu ya mikono, akitazama.

"Akikutana na mume mara moja tu," nilimwambia, "anabeba watoto wa miezi mingi ndani yake."

"Hasahau?"

"Mama hasahau."

Kisha homa ya matumbo ikamchukua Kabeya kwa siku kumi na moja.

Kuna familia ambazo, kilio kikiisha, huja kumliza mjane mara ya pili. Ya mume wangu ni mojawapo. Walikuja Jumamosi asubuhi, baada ya Pasaka, na mkokoteni. Aliyetangulia alikuwa Micheline, dada mkubwa wa Kabeya, mulamu wangu, ambaye kwa heshima humwita yaya, dada. Anauza samaki wakavu sokoni Musonoi, mwanamke wa mikono mizito na sauti inayofika upande wa pili wa soko bila kupanda. Godoro likatoka, kabati likatoka, redio ikatoka. Kisha akainama juu ya mabeseni akiwa na kichujio changu cha chai.

"Hizi za rangi ndio samaki," alisema, akichota. "Hizi zingine, muangalie tumbo. Mi nauzaka samaki miaka kumi na mbili. Samaki ya tumbo kubwa iko inaoza. Bakia nazo, mulamu, utafanya mboga."

Wale wa kijivu akawamwaga ndani ya bido zilizopasuka. Wanawake aliokuja nao wakacheka. Mmoja akasema mboga hiyo itataka sahani ya mwanasesere.

Naapa nilifungua kinywa nimwambie. Neno lilikuwa kwenye ulimi: yaya, hizo za tumbo kubwa ndizo mama. Ningelisema. Nilikuwa mtu wa kusema. Lakini Micheline alinyoosha mgongo, akapangusa mikono kwa kitenge chake, akamtazama mwanangu.

"Na weye, kamata biatu yako. Tunaenda."

Mianda alikuwa ameshika ukingo wa beseni. Alinitazama mimi, akawatazama wale wa kijivu, akanitazama tena. Nikafunga kinywa.

Nilikimbilia kwa Baba mukubwa Lukusa, ndugu wa baba yake Kabeya. Alikuwa amekaa nje, chini ya ukuta, na tai shingoni. Alikuwa karani wa mgodi maisha yake yote, na mpaka leo kwake jambo si jambo mpaka liandikwe kwenye karatasi ya kikao na kila mtu atie sahihi. Siku hizi macho yake ni hafifu. Micheline na wenzake wakanifuata na mkokoteni, naye akaita kikao palepale uani.

"Kabeya aliacha mutoto na samaki," alisema. "Samaki ndio masomo ya mutoto. Mutoto haachanake na kitu ya baba yake. Samaki inaenda kwa Micheline, basi mutoto anaenda kwa Micheline. Wivine, weye ulisoma masomo ya mangaribi. Kamata karatasi, andika."

Ndivyo ilivyokuwa. Hukumu ya kuninyang'anya mtoto niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mwandiko niliofundishwa parokiani, herufi zimekaa sawasawa juu ya mstari. Nilipofika katikati nikainua kichwa.

"Baba mukubwa, niandike hivi: pale samaki za Kabeya zinaishi na zinazaa, pale mutoto atakala?"

Akafikiri, akashika tai yake.

"Iko vile. Andika 'zinaishi na zinazaa'. Inasikilika sawa sheria."

Nikaandika karatasi mbili. Micheline akatia sahihi bila kusoma, maana mkokoteni ulikuwa unangoja. Karatasi yangu nikaikunja mara nne, nikaitia ndani ya sidiria. Mtoto aliondoka amekaa juu ya godoro letu, miguu inaning'inia, na mabeseni matatu mbele yake yakimwagika kila gurudumu lilipopiga jiwe. Hakulia. Na mimi sikulia. Usiku ule ndipo nikasikia tup.

Tangu hapo nikawa na kazi moja duniani. Maji ya kisima niliyaacha wazi siku mbili kabla ya kuyatumia. Chakula kilikuwa kiini cha yai kilichokaushwa, na mabuu ya mbu niliyoyachota kwenye mitaro kwa kikombe, mpaka majirani wakadhani kilio kimenigeuza akili. Mwezi wa sita baridi ya Kolwezi ikaingia, ile inayopasua midomo, na samaki hawa ni watu wa joto. Nilichemsha maji kwenye mbabula ya makaa, nikajaza chupa, nikazining'iniza ndani ya bido, nikafunika yote kwa blanketi la Kabeya, lile moja walilosahau kwenye kamba ya nguo. Mimi nikajifunika kitenge. Kila asubuhi nilifunua, nikachungulia, nikawasemesha kama mtu asemeshavyo mbuzi wake.

"Zaeni. Zaeni, bamama. Musiniache."

Wakazaa. Bila dume hata mmoja ndani, wakazaa mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watoto wakafika ukubwa wa chembe ya mchele, kisha wa harage. Siku nilipoona mkia wa kwanza ukishika rangi, wekundu kidogo kwenye ncha, nilikaa chini nikamfikiria Micheline akichungulia mabeseni yake kila asubuhi. Yeye alikuwa na madume watupu, karibu mia mbili, wazuri kama arusi. Wa kutazama na wa kumaliza. Kila wiki alimpelekea Tata Omer kumi na watano, na mahali pa hao hapakuja kitu.

Jumapili niliruhusiwa kumwona Mianda baada ya misa. Alikuja na nywele hazijasukwa, na vidole vyake vilinuka samaki mkavu. Walikuwa wanamweka kukata vichwa. Nilimsuka palepale kwenye ngazi za kanisa, haraka, kabla hawajamwita.

"Tantine anaonaka beseni, anakasirika," aliniambia Jumapili moja juu ya shangazi yake. "Ananiuliza kila siku juu ya nini samaki hazizaake."

Nikampa andazi. Sikumwuliza anajibu nini. Neno moja kutoka kwangu lingetosha, na pengine nyumba ile ingekuwa na amani, na mwanangu asingekatishwa vichwa vya samaki kwa hasira za mtu mwingine. Kila Jumapili nililimeza neno hilo. Nataka niseme liliniuma kooni. Lilikuwa tamu.

Katikati ya baridi Micheline akaja mwenyewe. Nilimwona toka mbali, nikavuta pazia mbele ya bido. Akakaa kwenye tofali, kiti kilikuwa kwake.

"Mulamu, uko muzima?"

"Niko, yaya. Ukaribie. Ningekupa kiti."

Akajifanya hakusikia hilo la kiti.

"Zile samaki. Wakati wa Kabeya zilikuwa zinazaa namna gani?"

"Muzuri sana."

"Ku kwangu hazizae. Nazilisha sawa, nabadilisha mayi. Ziko zinazunguka tu, zinaonyesha mikia."

"Ziko mu kilio, yaya."

"Samaki?"

"Kabeya ndiye alizilisha. Weye ulishaona mutu mwenye kuwa mu kilio anazaa? Uzivumilie."

Nilisema hayo kwa uso mkavu kabisa. Alinitazama kwa muda mrefu, akitafuta kicheko, hakukiona. Akaondoka. Wiki ile ile nikasikia kwamba amemwita mtu wa maombi ayawekee mabeseni mikono, na mtu huyo, ili kazi ikamilike, alimimina ndani yake chupa nzima ya mafuta ya baraka. Mafuta yakatanda juu. Jioni thelathini walikuwa wanaelea ubavu. Musonoi yote ilicheka, na wauza samaki wenzake wakawa wanamwuliza kama kesho atawabatiza na dagaa wa kapenta.

Mwisho wa mwezi wa saba akaja Tata Omer, na moto yake, pikipiki kuukuu, kofia mkononi. Ni mtu mnene, mpole, anayependa samaki wake kuliko wateja wake.

"Mama Mianda, nisaidie. Tantine Micheline amemaliza. Nilijaribu kapenta, nilijaribu nyama ya mbuzi. Jenerali anageuza mugongo. Tangu siku tisa anapigaka kichwa ku kioo, bantu wanasikia toka barabara."

Nikavuta pazia. Nikainua blanketi. Aliinama juu ya bido. Ndani mlikuwa mmejaa mpaka maji yenyewe yalionekana kutembea, wa kijivu na wa rangi, wakubwa na wadogo.

"Mungu wangu. Unipe hata makumi mawili."

"Sitakupa hata moja."

"Mama Mianda."

"Jumapili utakuja kwa Baba mukubwa Lukusa. Utasema mbele ya bantu bote yale umeniambia hapa. Siku tisa, kioo, mbuzi, yote. Kisha utakamata zile unataka."

"Na mpaka Jumapili Jenerali atakula nini?"

"Mutoto yangu miezi mine anakatakata bichwa ya samaki. Jenerali atavumilia siku ine."

Aliguna, akavaa kofia. Lakini Jumapili alikuja.

Kikao kilikaa uani palepale. Mimi nilifika na bido zangu juu ya mkokoteni, zimefunikwa na blanketi la Kabeya, na kila mtu alilitambua. Micheline alikuwa amekaa mbele, mikono mapajani, Mianda amesimama kando yake. Tata Omer akasema yake, polepole, kama mtu anayetoa habari ya mgonjwa. Alipofika kwenye kioo sauti ilimkatika kidogo. Kisha nikatoa karatasi, nikampa Baba mukubwa, naye kwa ajili ya macho akanirudishia.

"Soma."

Nikasoma, kwa sauti ya darasani. "Pale samaki za Kabeya zinaishi na zinazaa, pale mutoto atakala." Nikaonyesha sahihi tano. Nikafunua blanketi.

Watu walisimama kuchungulia. Baba mukubwa mwenyewe alileta uso wake karibu na maji mpaka tai ikalowana.

"Lakini bamume bote walienda kwa Micheline," alisema. "Hizi zilitoka wapi?"

"Ku ile ya tumbo kubwa, baba mukubwa. Ile inaoza."

Nikaeleza. Chupa ya mayonezi, tarehe, miezi mitatu. Wanawake wale waliocheka siku ya mkokoteni walicheka tena, sasa upande wangu, maana kicheko cha namna hiyo hakina nyumba. Micheline hakuwatazama. Alinitazama mimi.

"Siku ile ulijua."

"Nilijua."

"Na ulinyamaza."

"Ulikuwa umeshika kichujio yangu, yaya. Hukuniuliza kitu."

Baba mukubwa alikaa. Alikunja karatasi, akaikunjua, akaikunja. Yeye ndiye aliyesema neno hilo liandikwe, na mtu aliyetumikia karatasi maisha yote hawezi kuipinga mbele ya watu. "Iko imeandikwa," alisema. "Mutoto anarudi kwa mama yake. Wivine, kuko kingine?"

Ningeweza kusema hapana. Mtoto alikwisha kuwa wangu. Mwanamke mwema angeishia hapo.

"Kuko," nikasema. "Beseni zangu tatu. Sizitaki na mkokoteni. Sizitaki na moto. Yaya azilete mwenyewe, ku kichwa, kwa miguu, toka Musonoi mpaka kwangu. Na azilete muchana."

Hakuna aliyecheka safari hii. Baba mukubwa aliuliza kama ni lazima. Nikamwambia aandike.

Jumatatu saa nne asubuhi nilimfuata Musonoi, nimemshika Mianda mkono. Micheline aliyapanga mabeseni moja ndani ya jingine, akaviringisha kata, akainama, akajitwika. Tukatoka. Yeye mbele, sisi nyuma hatua kumi. Alipita katikati ya soko lake mwenyewe, na wenzake hawakumwachia.

"Mama Micheline, leo unauza mayi?"

"Anauza upepo. Bei gani upepo, mama?"

"Pole pole, asimwangushe Mutakatifu wa mafuta."

Shingo yake haikugeuka. Tulipita kando ya mashimo, malori ya madini yakitumwagia vumbi jekundu, na jua la mchana likapanda. Nilikuwa nimeingoja safari hii miezi minne. Niliitembea yote, sikukosa hatua, nikitazama jasho likimshuka nyuma ya shingo na kulowesha kitenge. Mianda hakusema kitu njia nzima. Mara moja tu aliniuliza kama tantine ana kiu. Nikamwambia twende.

Nyumbani Micheline aliteremsha mabeseni mlangoni. Alipojaribu kusimama wima shingo ilikataa, akabaki ameinama kidogo, mkono ukutani. Nilimletea maji kwenye kikombe. Alikunywa, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, kama desturi.

"Kabeya alikuwa kaka yangu mumoja tu," alisema. "Nilitaka kitu yake kimoja ikale mu nyumba yangu. Sikujua kulisha, sikujua kuzalisha, nilikuwa naangalia tu ile mikia, namuona yeye." Alipangusa uso kwa kiganja. "Ningekuwa na mutu wa kuniambia neno moja. Weye uko mukubwa, una hasira yako, ninasikia. Lakini mu nyumba yangu hamukukosa kilio juu ya zile samaki. Kila asubuhi nilikuwa nauliza, na hakuna mwenye kujua."

Nilipogeuka ili nisimtazame nilimwona Mianda amelala kifudifudi mbele ya bido, kidevu juu ya mikono, kama zamani. Alikuwa anamtazama jike mmoja mnene, wa kijivu, akipita polepole kati ya nyuzi za mfuko. Hakugeuza kichwa.

"Tantine, mi nilijua," alisema.